Pipa Moja la Dizeli

Alhamisi, 2 Machi 1995

Mashine tangu saa mbili asubuhi. Magunia manne ya mahindi ya njano, debe la muhogo mkavu, na bibi mmoja aliyeleta mtama kwenye kikapu akataka usagwe peke yake, usiguse unga wa mahindi ya wakimbizi. Niliuweka peke yake. Ukachanganyika. Hakujua, akanishukuru.

Jioni nimetumbukiza utete kwenye pipa. Umelowa chini ya nusu.

Lori la mwisho la chakula cha kambini lilipita kabla daraja la upande wa Biharamulo halijachukuliwa na maji. Sasa wanazunguka njia nyingine. Hasara kwetu, kwa maana madereva wale ndio walikuwa kisima chetu. Lori linasimama, mpira unaingia tangini, dumu linajaa, na kila aliyepo anatazama milimani kama mtu anayekagua mawingu. Mwaka mzima kijiji chetu, Keza, kimekula ugali wa dizeli ya magendo na kuungama Jumamosi. Ngara mjini kidogo kinachofika kinamezwa na magari ya kambi.

Basi pipa moja. Na zaidi ya nusu yake ni hewa.

Ijumaa, 3 Machi

Binti yangu Verediana amerudi nyumbani. Mume wake analinda ghala kambini, hawezi kumtunza. Mwezi wa saba unakwisha. Anatembea kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa.

Nesi wa zahanati amempima na kuniita pembeni. Njia yake ni nyembamba. Yule wa kwanza alifia tumboni tukihangaika na uchungu siku mbili, na Vere mwenyewe alibaki kidogo. Huyu atolewe kwa kisu, hospitali. Pasaka au karibu yake.

Hospitali ni mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Gari ni pikapu ya parokia, ya dereva Dominiko. Pikapu inakunywa kutoka pipa letu. Ndiyo makubaliano tangu mwaka jana. Mashine nayo inakunywa humo humo.

Nimeishia darasa la nne, lakini hesabu hii hata kuku angeiweza. Nikisaga kama ninavyosaga, pipa litakauka kabla ya Jumapili ya Matawi.

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumamosi, 4 Machi

Ningeweza kumwendea Mama Skolastika, mwenyekiti wa kikundi chenye mashine, nikamwambia: tumwekee mwanangu akiba. Namjua. Angeniuliza ni nyumba gani Keza haina mwenye mimba. Na angekuwa sawa, jambo linaloudhi zaidi.

Sitasema. Nitafanya watu wasije mashineni kwa hiari yao wenyewe.

Jumapili, 5 Machi

Kwaresima imenisaidia. Baada ya ibada jumuiya ilikaa kujadili mfungo. Mmoja akataja nyama, ambayo hatuli. Mwingine akataja pombe, watu wakaanza kukohoa. Nikasimama. Nikasema sisi wazee wetu waliishi bila tone la dizeli, wakazaa, wakalima, wakafa kwa heshima. Leo lori lisipopita hatuli. Je, mtu ambaye hawezi kula mpaka dereva asimame ana tofauti gani na mtoto wa kambini anayengoja foleni? Tufunge mashine. Turudi kwenye mawe mpaka Pasaka.

Katekista akasema hajawahi kusikia neno zito kama hilo kutoka kwa mtu wa mashine. Mama mmoja akalia. Imepita.

Mke wangu alinitazama njia nzima. Tulipofika akasema, "Baba Vere, umeokoka lini?"

Jumatano, 8 Machi

Mawe ya kusagia yametafutwa. La Mama Skolastika lilikuwa chini ya mlango wa zizi. La jirani wanalifulia nguo. La kwetu bata walikuwa wanalitagia pembeni, bata jike amenidonoa mkononi. Jiwe mama yangu aliloolewa nalo.

Wanawake wanasaga na kunitaja. Nasikia jina langu kwenye kila jiwe nikipita.

Mahindi ya njano ni magumu kama kokoto. Yaliletwa kwa ajili ya mashine, si mikono ya binadamu. Nimewapa ushauri: wayaloweke, wayaache yachipue kama wanavyofanya mtama wa pombe, wayaanike, ndipo wasage. Yatakuwa laini. Walishangaa mwanamume kujua hayo. Nikajisikia vizuri.

Jumatatu, 13 Machi

Sina la kufanya. Nimefuta injini mara tatu. Nimeifunika gunia kama maiti. Mikono inawasha. Sikujua kwamba kelele ile ndiyo ilikuwa inanizuia kufikiri.

Vere amevimba miguu kidogo. Nesi anasema ni kawaida. Sipendi neno kawaida.

Jumanne, 14 Machi

Aibu.

Leo nyumba kumi na moja zimepika ugali wa unga uliochipua. Unga ulikuwa laini kweli, wa kusifiwa. Maji yakachemka, unga ukaingia, ugali ukashika vizuri. Halafu, mwiko ukiwa bado ndani, ukaanza kulegea. Wakaongeza unga. Ukalegea tena. Ukawa uji. Uji mtamu kama togwa. Wanaume wametoka shamba wamekuta uji, nyumba zote kumi na moja, siku moja, kwa ushauri wa mtu mmoja.

Ni kimea, bila shaka. Kimea ndicho kinachoyeyusha pombe iwe pombe. Kila mwanamke wa hapa anakijua tangu utotoni. Nilimuuliza mke wangu kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unahubiri," akasema. "Sikutaka kukukatiza."

Jumatano, 15 Machi

Naitwa Fundi Uji. Hata watoto. Hata mzee Bucumi, Mrundi aliyekimbilia hapa mwaka wa sabini na mbili na ambaye kwa kawaida hataki kusemeshwa, leo amefungua mdomo: "Fundi, nisalimie mwiko wako."

Ijumaa, 17 Machi

Mambo yamegeuka. Nesi ameuomba ule unga wa kimea. Kijiko kimoja kwenye uji mzito wa mtoto mgonjwa, uji unalegea bila kuongezwa maji, mtoto anakunywa na kushiba. Amesema niliwaza vema. Sikukanusha.

Na wanawake wameacha kugombana na mahindi. Wanayatwanga kidogo yatoke maganda, wanayachemsha mazima na maharagwe. Kande. Ndizi zimerudi mezani mchana. Muhogo nao unatwangwa, kazi ya kinu inatosha. Ajabu yake ni kwamba tulikuwa na chakula chote hiki wakati wote tunakimbizana na dumu. Mashine haikutulisha. Ilitufundisha kutaka unga tu.

Mimi niliyesema hivyo kanisani kwa hila sasa naanza kukiamini nilichosema. Inakera.

Utete hausogei. Kila siku palepale. Natazama alama ile kama wengine wanavyotazama picha ya Bikira.

Jumapili, 19 Machi

Mafuta ya taa yameisha madukani. Watu wanatia dizeli kwenye koroboi. Moshi mweusi, pua nyeusi, kwaya nzima leo ilionekana kama mafundi wa gereji. Nikajiuliza dizeli wanatoa wapi. Nimechunguza. Katekista, kwa chupa ya soda, kupitia nafasi ya ukuta wa chumba cha mashine. Kasema ni kwa ajili ya kusoma Neno. Nikamwambia Neno lisomwe mchana.

Nimeweka kufuli jipya. Ufunguo ni mmoja, mfukoni mwangu.

Alhamisi, 23 Machi

Kikao cha kikundi. Mama Skolastika amenisifu mbele ya wote. Akasema kwa kuwa sasa tunaweza kula bila mashine, pipa lililobaki liwe la wagonjwa peke yake. Hiki ndicho nilichokitaka tangu siku ya kwanza, kimeletwa kwenye sahani bila mimi kukiomba. Nilishindwa kuficha meno.

Wakanipa kalamu, mimi ndiye mwenye mwandiko. Nikaandika: Dizeli hii ni ya wagonjwa, atakayetangulia kuhitaji ndiye atakayetangulia kupewa, bila kuangalia ni wa nani. Maneno ya mwisho niliyaongeza mwenyewe. Yalipendeza.

Jumanne, 28 Machi

Saa nne asubuhi. Mwanamke Mnyarwanda anayelima vibarua kwenye migomba ya Mama Skolastika, Espérance. Uchungu tangu juzi, mkono wa mtoto umetangulia. Nesi kaja mbio bila viatu. Dominiko kageuza pikapu tayari.

Wakasema: Fundi, ufunguo.

Kuna aliyenong'ona kwamba wakimbizi wana magari yao kambini. Sikumwitikia wala sikumkemea. Nikaanza kutafuta ufunguo. Nilipapasa mfuko wa shati. Nikaingia nyumbani, nikafungua sanduku, nikainua godoro. Ufunguo ulikuwa kwenye suruali, unanichoma paja. Nilijua. Nilitafuta ufunguo niliokuwa nao, na mwanamke yule nikimsikia.

Vere ndiye aliyekuja mlangoni. Ameshika mgongo. Akanyoosha mkono tu.

Nikampa.

Jumatano, 29 Machi

Dominiko amerudi. Espérance yu hai, mtoto hakuwahiwa. Njiani matope, pikapu ilinasa, injini ikanguruma nusu siku. Pipa limebaki na kiasi ambacho hakitufikishi hata Nyamiaga, jirani na hospitali.

Nina hasira. Na Dominiko, na matope, na Mama Skolastika, na mwandiko wangu. Na Espérance, Mungu anisamehe, aliyepoteza mtoto kwa dizeli yangu. Halafu nakumbuka godoro nililoinua. Ningekuwa nimetoa ufunguo mara moja, huenda.

Sijala. Mke wangu ameondoa sahani.

Alhamisi, 30 Machi

Nimekwenda kwa Bucumi. Zamani, kabla ya pikapu, kila kitongoji kilikuwa na chama cha machela, ingobyi kama tunavyoiita. Fito mbili, kamba, mkeka. Mgonjwa akipatikana, baragumu linapigwa, wanaume wanakuja, wanabeba kwa zamu mpaka hospitali. Asiyekuja, siku yake naye habebwi. Bucumi ndiye aliyekuwa mkuu wa chama. Ingobyi yake iko juu ya dari ya jiko, kuku wanalala humo.

Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kuniangalia.

"Unakumbuka ulivyosema siku ya kujitoa chamani?" akaniuliza.

Nilikumbuka. Nilisema mimi si punda, gari lipo.

"Basi gari lipo," akasema, akaendelea kusuka kikapu.

Nikakaa. Sikuondoka. Kuku wakapita juu ya miguu yangu. Mwishowe akauliza ni nani. Nikasema Vere. Akaweka kikapu chini.

"Mtoto wa jiwe la bata?" Kumbe hata hilo analijua. "Uchungu umeanza?"

"Bado."

"Basi ukianza, piga baragumu."

Jumamosi, 1 Aprili

Sikulala vizuri, nimeamka na wazo moja, la kijinga kwa urahisi wake. Kwa nini tungoje uchungu?

Gari lilitufundisha kuchelewa. Tulikuwa tunakaa mpaka mtu aanze kufa, kwa kuwa gari lina mbio. Bila gari, dawa ni kuondoka mapema. Nina binamu Nyamiaga, kutoka kwake hospitali ni mwendo wa rozari moja. Vere akae huko, angoje mtoto mlangoni pa daktari. Nesi amekubali, ila asitembee njia nzima.

Nikarudi kwa Bucumi. Akagoma. Ingobyi haibebi mzima. Kumlaza mzima humo ni kuuita ugonjwa kwa jina lake. Nikasema basi atembee, ingobyi ije nyuma, akichoka apumzike. Akanishangaa. Ingobyi tupu njiani? Ingobyi tupu inatafuta mtu. Hakuna mwanamume atakayeishika.

Nikakaa tena na kuku.

"Na ikiwa na mtu mwingine ndani?" nikauliza.

"Mgonjwa?"

"Mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

Nikamwambia kwamba mimi, kusema kweli, tangu Jumanne sijisikii vizuri. Alinigusa paji la uso. Halafu akamwita mkewe alete fito.

Jumatatu, 3 Aprili

Tumeondoka alfajiri. Wanaume kumi na wawili, sikutegemea watano. Mama Skolastika ametoa ndizi za njiani. Ingobyi imepita kijiji kizima na mimi ndani, nimefunikwa shuka mpaka kidevuni, mzima kama ng'ombe. Vere anatembea pembeni ameshika fimbo, mama yake nyuma yake. Watu wakivuka njia wanasimama, wanavua kofia, wananipa pole. Naitikia kwa sauti ndogo.

"Huyu Fundi Uji ana uzito wa injini," akasema aliye mbele.

"Ni unga wetu huo," akasema wa nyuma. "Ameuvuta puani miaka mitatu."

Bucumi akawakataza kumcheka mgonjwa. Yeye mwenyewe mabega yalikuwa yanatikisika.

Vere akichoka, nashushwa, analazwa yeye. Kwa wakati huo ni mgonjwa, amechoka, Bucumi ameridhika. Akipata nguvu, tunabadilishana. Mlima wa mwisho kabla ya kulala walikataa kunibeba. Wakasema nimepona. Ingobyi ikabeba ndizi.

Jumanne, 4 Aprili

Nyamiaga saa saba. Mvua ilitunyeshea mara mbili. Mabega ya watu yamechubuka. Hakuna aliyedai kitu. Bucumi alimwekea Vere mkono kichwani, akasema neno la Kirundi, akageuka. Walikuwa wameshashuka bonde nilipokumbuka kwamba sikuwashukuru.

Jumatatu, 10 Aprili

Kungoja. Nakata kuni za binamu mpaka ameniambia basi. Hapa nasikia magari ya mjini kutwa. Kila moja nalitambua injini yake kwa sikio, halafu najiuliza linakwenda kumfanya nani achelewe.

Vere anacheka siku hizi. Anauliza kama mgonjwa anaendeleaje.

Ijumaa, 14 Aprili

Ijumaa Kuu. Chupa ya uzazi imepasuka saa tatu asubuhi. Tumetembea. Taratibu, yeye kati, mimi na mama yake pembeni. Tulipumzika mara nne. Saa tano alikuwa kitandani, saa sita wakamchukua.

Nimekaa kwenye benchi. Sina cha kufuta, sina cha kufunga, sina ufunguo. Sijui kusali vizuri bila kuwahadaa watu.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Msichana. Amelia. Vere amefumbua macho akaomba maji.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimempelekea Espérance uji. Yumo wodi ile ile, kidonda kimechelewa kufunga. Nilitaka kumwambia kuhusu godoro. Sikuweza. Aliomba kumshika mtoto, Vere akampa. Alimshika muda mrefu. Nikatoka nje.

Jumapili, 23 Aprili

Nimemwambia Espérance kuhusu godoro. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Baba, ulichukua muda gani?" Nikasema kama wa kuvuta sigara moja. Akasema hajui kama ingesaidia, nesi naye hajui. Kisha akaniomba nisirudi leo.

Sikurudi.

Jumatano, 3 Mei

Daraja limetengenezwa. Tulipokuwa tunajiandaa kuanza safari ya kurudi, lori la kambini likasimama. Dereva akasema atuache njia panda ya Keza. Vere ana mshono wa wiki tatu. Nilipanda wa kwanza, sufuria yetu ya uji mkononi. Mimi si mtakatifu.

Njiani dereva aliniuliza kama bado tunanunua dizeli. Nikamwambia madumu mawili, la pikapu na la mashine. Akadhani natania, pipa zima lilikuwa desturi. Nikamwambia mashine itafunguliwa Jumatano na Jumamosi, siku zingine watu wanakula vingine. Alinihurumia.

Njia panda tumekuta wanaume sita na ingobyi. Hatukuwa tumewaita. Habari ilitutangulia, sijui kwa miguu ya nani. Walikuwa wamekaa ukingoni wanakula mahindi ya kuchoma, Bucumi amelala usingizi mdomo wazi. Vere akasema anaweza kutembea. Hawakumsikiliza. Wakamlaza na mtoto kifuani, wakagombana kidogo nani ashike mbele, wakaondoka.

Jua lilikuwa limeshaanza kulegea. Maharagwe pembeni mwa njia yametoa maua. Njia ile inapanda.

Mimi nilibeba sufuria.